Sanaa ya kidijitali katika maeneo ya wazi

Sanaa ya kidijitali katika maeneo ya wazi ni kazi za sanaa zilizotengenezwa au kuhifadhiwa kwa kompyuta na kuoneshwa nje ya majengo, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzitazama bila kukata tiketi: uwanjani, stendi, mnadani, kwenye ukuta wa jengo au kando ya barabara. Kazi hizo huweza kuwa picha mnato, video, katuni, maandishi yanayotembea au michoro inayobadilika kufuatana na watu wanaopita mbele yake. Huwafikia watazamaji kwa njia kuu tatu: projekta inayorusha mwanga juu ya ukuta au kitambaa, skrini ya taa za LED inayotoa mwanga yenyewe, na chapa kubwa ya plastiki ambayo ikishatoka mashineni haihitaji umeme tena.

Makala hii inahusu hasa Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria nchini Tanzania. Vifaa vya kuoneshea picha nje vinajulikana huko, lakini kwa kawaida huletwa kwa ajili ya matangazo, kampeni, mpira na sherehe. Msanii anayetaka kuvitumia hukutana na maswali mawili ambayo tangazo la soda halikutani nayo kwa kiwango hicho: nani ana haki ya kutumia ukuta ule, na nani atalipia mwanga.

Eneo lenyewe

Geita ulikuwa mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Kabla ya hapo wilaya zake ziligawanyika kati ya mikoa jirani, zikiwemo Geita yenyewe iliyokuwa chini ya Mwanza na Bukombe iliyokuwa chini ya Shinyanga. Dhahabu ilichimbwa huko tangu enzi za ukoloni. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Upande wa Kahama, mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu ulianza mwaka 2001 na ule wa wazi wa Buzwagi ulifanya kazi tangu 2009 hadi ulipofungwa mwaka 2021. Shinyanga ina pia almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940.

Miji kama Kahama, Katoro na Geita imekua haraka kwa sababu ya wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wanaowafuata. Watu hao hutoka mikoa mingi, wengi ni vijana, na jioni huwa nje. Kwa maonesho ya wazi hiyo ni hali nzuri kuliko jengo lolote la sanaa. Tangu mwaka 2018 mji wa Geita una pia Maonesho ya Kitaifa ya Teknolojia ya Madini, yanayofanyika kila mwaka, kwa kawaida kati ya Septemba na Oktoba, katika viwanja vya Bombambili.

Historia

Kushindania macho ya umma si jambo geni Usukumani. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi kadhaa. Masimulizi huvihusisha na waganga wawili mahodari wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Hakuna jopo la majaji. Watazamaji hupiga kura kwa miguu, na wanaweza kuhama katikati ya ngoma. Ndiyo maana viongozi wa ngoma walitafuta kila mwaka kitu kipya cha kushangaza: nyoka, vinyago, mavazi ya ajabu, na dawa za kuvutia watu. Mtu anayepanga kuweka skrini katika uwanja wa mji wa Kisukuma anaingia katika desturi hiyo, apende asipende. Video ya dakika kumi inayoanza polepole, ambayo ingevumiliwa katika ukumbi wenye viti, uwanjani hupoteza watu kabla haijafika katikati.

Picha zisizokusudiwa umma zilikuwepo pia. Chama cha wachezesha nyoka, Bayeye, kilikuwa na michoro ya ukutani ndani ya nyumba za mafunzo, iliyoonwa na waliojiunga tu. Hans Cory alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Leo nakala zake zinaweza kupigwa picha na kurushwa ukutani kwa dakika chache, lakini kufanya hivyo kungegeuza maana yake, kwa kuwa sehemu ya thamani ya michoro hiyo ilikuwa kwamba mpita njia hawezi kuiona.

Picha za mwanga zilifika vijijini Tanganyika kwa lori. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35. Uliongozwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Filamu zilikuwa za upana wa milimita 16, na sauti ilitoka kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, ili filamu moja iweze kusemwa kwa lugha mbalimbali. Gari lilibeba projekta, jenereta na kitambaa cheupe, likazunguka Tanganyika na nchi jirani kuonesha filamu juu ya kodi, malaria, mmomonyoko wa udongo na benki ya posta. Watu walikuja kwa maelfu, bure. Wasichoweza ni kuchagua cha kutazama.

Mpangilio huo ulidumu kuliko mradi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ilitengeneza Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, zikiwemo Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Baada ya uhuru magari ya sinema yaliendelea kutumika kwa elimu ya watu wazima, afya na siasa ya ujamaa, na kampuni za bidhaa zikaiga mtindo huohuo kuuzia sabuni na vinywaji. Dar es Salaam ilipata sinema ya kutazamwa kutoka ndani ya magari mwaka 1966. Katika historia yote hii mwenye gari ndiye aliyekuwa mwenye picha. Serikali, misheni au kampuni ilileta ujumbe, na kijiji kilileta macho.

Mabadiliko yalianza na video. Vibanda vya video, vinavyojulikana kwa utani kama vibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake na joto, vilimwezesha mtu mmoja wa mtaani kuamua nini kioneshwe. Humo ndimo ulipokua usimuliaji wa filamu za kigeni kwa Kiswahili. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alipata jina kote nchini kwa kazi hiyo. Kibanda kimefungwa kuta na kina kiingilio, hivyo si eneo la wazi, lakini kilizoesha wengi wazo kwamba picha inaweza kuwa ya mtu wa hapahapa.

Kwingineko Afrika Mashariki na duniani

Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limeonesha filamu tangu 1998 ndani ya Ngome Kongwe, chini ya anga, na kupeleka maonesho vijijini Unguja na Pemba. Shirika la FilmAid lilipeleka skrini juu ya lori katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, Kenya. Goma, kituo cha Yole!Africa kilianzisha tamasha la filamu katika mji ambao umeona vita na volkano.

Duniani mfano unaotajwa sana ni Times Square, New York. Msanii Jenny Holzer alionesha sentensi zake kwenye ubao wa taa hapo mwaka 1982. Tangu 2012 skrini nyingi za uwanja huo huacha matangazo kwa dakika tatu kabla ya saa sita usiku ili kuonesha kazi ya sanaa. Dakika tatu katika siku nzima si nyingi, ila zina ratiba na zinajirudia kila usiku. Berlin, mwaka 2001, wanachama wa Chaos Computer Club waliweka taa nyuma ya madirisha 144 ya jengo moja na kuligeuza skrini kubwa ambayo wapita njia waliweza kuichezea kwa simu zao. Pikseli 144 ni chache mno, lakini zilitosha kuleta watu.

Mwanga na saa

Adui wa kwanza wa picha ya nje ni jua. Mchana wa jua kali uso wa ardhi hupokea takriban laksi 100,000 za mwanga. Projekta ya kawaida ya ofisini hutoa lumeni 4,000. Ikirusha picha ya mita 4 kwa 3, yaani mita za mraba 12, kila mita hupata laksi 333 hivi. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua, kwa hiyo mchana picha haionekani kabisa. Usiku hesabu hubadilika. Kwenye ukuta wa mita 10 kwa 10 projekta hiyohiyo hutoa laksi 40 tu, lakini gizani zinatosha, mradi taa za barabarani, ambazo mara nyingi hutoa laksi 10 hadi 20, zisiangukie ukutani. Mbalamwezi haina madhara: hata mwezi mpevu hautoi laksi moja.

Ratiba ya giza katika ukanda huu ni ya kutegemeka. Geita iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Lakini iko mbali magharibi katika ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, na jua huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam. Hutua kati ya takriban saa 12:40 jioni mwezi Novemba na saa 1:10 mwezi Februari. Mwanga wa machweo huisha haraka. Kwa kawaida onesho la projekta haliwezi kuanza kabla ya saa moja na nusu usiku, na mpangaji aliyezoea ratiba za pwani hujikuta amewaita watu mapema mno.

Ukuta wenyewe ni nusu ya kifaa. Chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, ilhali tofali la kuchoma au ukuta uliopakwa vumbi jekundu la Geita humeza mwanga mwingi na kuharibu rangi. Bati lenye migongo hukata picha vipande. Mawe makubwa ya matale yaliyotapakaa katika sehemu za Usukuma yana rangi ya kijivu isiyokolea. Hupokea michoro minene vizuri, maandishi vibaya.

Kisha kuna wadudu. Mwanzoni mwa mvua kumbikumbi huruka kufuata mwanga, na karibu na ziwa hutokea mawingu ya mbu wadogo wasiouma. Katika wilaya za magharibi, kuelekea Kagera, senene hunaswa kwa taa kali mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo kuwasha projekta usiku wa Novemba ni sawa na kutega. Watazamaji wengine hufurahia kuliko filamu, lakini kivuli cha mdudu aliye karibu na lenzi huwa na ukubwa wa ng'ombe ukutani. Kiangazi, Juni hadi Septemba, hakuna mvua wala kumbikumbi, ila vumbi huziba vichujio vya projekta, na mashine iliyoziba hupata joto na kujizima.

Skrini za LED na umeme

Skrini ya LED hushindana na jua kwa sababu inatoa mwanga yenyewe. Skrini za ndani hutoa takriban kandela 1,000 kwa mita ya mraba, za nje 5,000 au zaidi. Umbali kati ya kitaa na kitaa hupimwa kwa milimita na huandikwa baada ya herufi P: P10 ina milimita 10, P5 milimita 5. Kanuni ya mafundi ni kwamba mtazamaji asimame mbali kwa mita angalau sawa na namba hiyo. Skrini ya mita 4 kwa 3 ya P10 ina pikseli 400 kwa 300, ya P5 ina 800 kwa 600. Kwa msanii namba hizi huamua mtindo. Mistari myembamba na vivuli laini hupotea, ilhali michoro ya rangi bapa na mipaka minene, kama ile ya shule ya Tingatinga iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1968, hubaki wazi hata kwa P10.

Umeme ndio gharama isiyoonekana. Skrini ya nje ya mita za mraba 12 inaweza kuvuta zaidi ya wati 8,000 ikiwa nyeupe yote kwa mwanga kamili, ingawa kwa video ya kawaida wastani huwa kama theluthi ya hapo. Inahitaji jenereta ya gari au laini imara. Projekta ya lumeni 4,000 hutumia wati 300 hadi 400, na betri moja ya volti 12 na saa-ampea 200, ikitumiwa nusu yake ili isiharibike, huiendesha kwa takriban muda wa saa tatu. Betri hiyo huchajiwa kwa sola. Hesabu hii ndiyo inayotenganisha waoneshaji wa aina mbili. Skrini ya LED hukodiwa na mwenye fedha, projekta na betri vinaweza kubebwa kwa bajaji hadi Nyarugusu au Mwakitolyo na kikundi cha vijana.

Sauti na lugha

Picha ya nje bila sauti hupoteza watu haraka, na sauti ya nje hufunikwa na jenereta, pikipiki na muziki wa baa. Jenereta huwekwa mbali, upande ambao upepo unaelekea, na spika hupandishwa juu ya vichwa vya watu. Lugha inahitaji uamuzi. Katika miji ya madini Kiswahili kinatosha, lakini minadani wazee na wafugaji wengi hufuata vizuri zaidi Kisukuma au Kisumbwa. Msimulizi anayesimama na kipaza sauti, kama msaidizi wa gari la sinema zamani au Lufufu baadaye, bado ni suluhisho rahisi kuliko maandishi chini ya picha, ambayo hayasomeki kutoka nyuma ya umati.

Ruhusa na haki

Filamu inayooneshwa hadharani nchini Tanzania iko chini ya Bodi ya Filamu, inayotokana na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza namba 4 ya 1976. Shughuli za sanaa kwa jumla husimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria namba 23 ya 1984. Hakimiliki inaongozwa na sheria ya 1999. Bango au skrini inayotazama barabara inahusu pia halmashauri na mwenye hifadhi ya barabara: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za mijini na vijijini. Tangazo la biashara lina kampuni ya kufuatilia vibali hivyo. Kikundi cha wasanii kinachotaka ukuta kwa usiku mmoja hupitia ofisi karibu zilezile kwa miguu yake, na hapa ndipo mipango mingi hukwama kuliko kwenye vifaa.

Suala jingine ni sura za watu. Mchimbaji mdogo aliyepigwa picha shimoni huenda hana leseni, au ana madeni, au familia yake haijui alipo. Picha yake katika simu ya mtu huonwa na wachache. Ikirushwa yenye urefu wa mita sita stendi ya Katoro, huonwa na kila anayemdai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa matumizi ya aina hii, na ridhaa inayotolewa mgodini kwa "picha ya kumbukumbu" si ridhaa ya kuwekwa ukutani.

Chapa zisizohitaji umeme

Mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alifunika takriban mita za mraba 2,000 za paa za Kibera, Nairobi, kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo. Zilichapwa juu ya plastiki isiyopitisha maji, hivyo mwenye nyumba alipata picha na dawa ya paa linalovuja kwa pamoja. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya treni inayopita hapo, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mteremko chini ya reli. Treni ilipopita, kwa sekunde chache nyuso zilikamilika.

Kwa ukanda wa Shinyanga na Geita njia hii ina faida ya wazi. Viwanda vya kuchapa mabango viko mijini, plastiki haiogopi vumbi, na picha huonekana saa za mchana ambazo projekta imelala. Jua huchujua wino, hasa mwekundu na wa njano, na upepo wa kiangazi hurarua pembe zisizofungwa vizuri. Kinachobaki hutumika tena. Mabango ya kampeni zilizopita na ya vinywaji huonekana minadani yakiwa vivuli vya vibanda, matandiko ya kuanikia mpunga na vifuniko vya magunia, mara nyingi upande wa picha ukiwa ndani.